"Nipe mji": ukimya wa ukumbi wetu na adabu ya kitendawili

Walimu wetu wana neno moja wanalolirudia kila mwisho wa mwaka: wanafunzi wa siku hizi hawajali. Hawasomi, hawaulizi, wanakaa viti vya nyuma, wanangoja silabusi itoke, wanainunua, wanaikariri siku tatu kabla ya mtihani, kisha wanaisahau. Wanafunzi nao wana jibu lao, ingawa hulitoa nje ya ukumbi: mwalimu haji, na akija anasoma karatasi ileile waliyosomewa kaka zetu. Mimi niko katikati ya pande hizi mbili. Nasaidia kuongoza kazi za vitendo za fasihi simulizi, na wakati huohuo naendelea kuketi upande wa wanafunzi kwa masomo yangu mwenyewe. Kwa hiyo nasikia malalamiko yote mawili, mara nyingine siku moja.

Makala haya hayatafuti mwenye hatia. Yanauliza jambo dogo zaidi. Kwa nini kijana aliyenyamaza kama jiwe ukumbini saa nne asubuhi, ukimkuta saa sita chini ya mti anabishana kwa nguvu, anatoa mifano, anamkatiza mwenzake, anacheka, anakumbuka maneno yaliyosemwa wiki mbili zilizopita na aliyeyasema? Na kwa nini msichana asiyeinua mkono darasani anamtumia rafiki yake ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye WhatsApp akimweleza ngeli za Kibantu vizuri kuliko silabusi ilivyozieleza? Mtu asiyejali, hajali kote. Hawa wanajali, ila hawajali pale tunapowataka wajali.

Najua sababu nyingine zipo, na ni nzito. Mwanafunzi aliyetembea kilomita saba bila kunywa chai hawezi kusikiliza fonolojia. Ada haijalipwa, umeme hakuna, na aliyemaliza miaka mitatu iliyopita anauza vocha za simu njia panda. Mwalimu naye akigoma kwa ajili ya mshahara, hagomi kwa uvivu. Fasihi simulizi haiponyi lolote kati ya hayo, na atakayesema inaponya anawadanganya wenzake. Lakini hata siku ambayo tumbo limeshiba na mwalimu amefika, ukumbi bado unanyamaza. Ukimya huo wa siku njema ndio ninaouzungumzia.

Sauti ipo, hadhira haipo

Kuna jibu jepesi linalotolewa mara nyingi katika idara zetu. Linasema hivi: Mwafrika ni mtu wa mdomo, shule ni ya maandishi, basi mgongano huo ndio unaomchosha mwanafunzi. Jibu hili nalikataa, kwa sababu halifanani na kile ninachokiona. Ingia katika ukumbi wetu wowote. Maandishi yako wapi? Maktaba ina vitabu vichache, na vingi ni vya zamani. Kitabu chenyewe kinachosomwa, mwanafunzi hajawahi kukishika, amekisikia kikitajwa. Mwalimu anasema, wanafunzi wanaandika anachosema, na siku ya mtihani wanamrudishia. Kozi nzima inapita mdomoni na sikioni. Kama kusikiliza sauti ya mtu ndiyo mila ya usimulizi, basi chuo chetu kingekuwa chuo cha usimulizi kuliko vyote duniani.

Hali hii ina historia. Shule ya misheni, ambayo ndiyo mama wa shule yetu, ilifundisha kwa katekisimu: swali limeandikwa, jibu limeandikwa, mtoto anakariri yote mawili. Hapo palikuwa na mdomo, palikuwa hata na swali na jibu, lakini swali halikuwa swali. Aliyeuliza alijua jibu, aliyejibu hakuruhusiwa kuongeza wala kupunguza neno. Paulo Freire, mwalimu wa Brazili, aliiita elimu ya namna hii elimu ya benki: mwalimu anaweka akiba ndani ya kichwa cha mwanafunzi, kisha siku ya siku anakuja kuitoa. Kwetu mfano huo una ladha ya pekee, maana sisi tunajua yanayoweza kuipata akiba iliyowekwa benki.

Kwa hiyo tofauti ninayoitafuta haiko kati ya mdomo na kalamu. Iko kati ya maneno yanayomhitaji msikilizaji na maneno yasiyomhitaji. Mtambaji wa hadithi akikosa wa kumwitikia, hadithi inasimama. Mhadhara wetu hausimami. Nusu ya watu wakilala unaendelea. Wote wakitoka, nadhani utaendelea bado, mradi karatasi haijaisha. Mwanafunzi si mjinga, analiona hilo tangu wiki ya kwanza. Anaelewa kwamba kuwapo kwake hakuongezi kitu na kutokuwapo kwake hakupunguzi kitu, naye anajipanga kulingana na ukweli huo.

Kitendawili na bei yake

Tuchukue utanzu mdogo kabisa, ule tunaoupitia haraka darasani ili tufike kwenye tendi. Mtu anasema: Kitendawili! Wenzake wanajibu: Tega! Ndipo anatega. Hebu tukae hapa kidogo, maana sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuandika "fomula ya ufunguzi" na kugeuza ukurasa.

Neno hilo "Tega" ni ruhusa. Bila hilo kitendawili hakianzi. Anayeuliza hana haki ya kuuliza mpaka wanaoulizwa wamekubali, na wakishakubali wamejifunga: sasa ni kazi yao, si yake. Halafu wanajaribu. "Nyumba yangu haina mlango." Mmoja anasema kaburi, mwingine anasema kichuguu, mwingine anasema kitu cha kuchekesha makusudi. Makosa yanasemwa kwa sauti mbele ya watu na hayamwachii mtu aibu ya kudumu, kwa kuwa kila kosa linapunguza njia zilizobaki na kumsaidia anayefuata. Na mara nyingine jibu la kosa ni zuri kuliko la kawaida. Wakubwa wakilikubali, kitendawili kinapata jibu la pili. Vitabu vyetu vya sarufi ya fasihi huandika jibu moja mbele ya kila kitendawili, kama kamusi, na kwa kufanya hivyo huficha kazi yote ya katikati.

Wakishindwa, anayetega anasema: Nipe mji. Wanampa mji. Anaweza kuukataa akaomba mkubwa zaidi. Wanaweza kumpa kijiji wakijaribu kumpunja. Akiupokea anajisifu kidogo, anasimulia alivyofika huko na alivyopokelewa, kisha anasema: ni yai.

Nimefundisha kipengele hiki mara kadhaa, na kila mara naona hapo ndipo penye somo kubwa kwa shule yetu. Kutojua kuna bei, na bei hiyo ni ya kweli ndani ya mchezo: umetoa Bukavu, umetoa Kalemie, na wote wamesikia. Lakini bei ikishalipwa, jibu linatolewa papo hapo, mbele ya wote, hata kwa yule ambaye hakujaribu. Hakuna anayelala na kitendawili kisichofumbuliwa. Mtihani wetu unachukua mji na hautoi jibu. Mwanafunzi anapewa 8 juu ya 20, anarudia kozi, na karatasi yake hairudi. Alikosea wapi? Swali la tatu lilitaka nini? Atakwenda kikao cha pili akiwa na ujinga uleule aliokuwa nao kikao cha kwanza, isipokuwa sasa umeongezewa hofu. Kisha tunashangaa kwamba hana hamu ya kujua. Hamu ya kujua inalishwa na majibu. Mtu aliyenyimwa majibu miaka mitano hujifunza kutouliza.

Mkono mrefu wa Waluba

Kuna wasomi waliotuandikia kuhusu fikra za watu wa mdomo, na Walter Ong ndiye anayetajwa zaidi katika kazi za wanafunzi wetu. Katika kitabu chake cha 1982 alieleza kwamba maarifa katika jamii zisizoandika hukaa karibu na maisha ya watu, hupenda mashindano ya maneno, na humfanya mjuzi ashiriki badala ya kusimama mbali. Hayo yananifaa. Yasiyonifaa ni jinsi tunavyomtumia: tunaandika kwamba jamii hizo zilikuwa na kumbukumbu tu, na uchambuzi ulikuja na herufi. Lukasa ya Waluba inatosha kuleta shaka.

Lukasa ni kibao cha mti, cha kushikika mkononi, kilichopambwa kwa shanga, kauri au vipande vya chuma, au kuchongwa alama. Jina lake huelezwa kuwa "mkono mrefu". Walioweza kukisoma walikuwa watu wa Mbudye, chama kilicholinda kumbukumbu za ufalme wa Waluba huko kaskazini mwa Katanga. Msomaji alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, akisema: safari za mababu, habari za Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga, nasaba, mahali patakatifu, vyeo na kazi za kila cheo. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari unaweza kuwa njia. Inaweza kuwa, nasema, kwa sababu kibao kilekile hakikutoa maneno yaleyale kila siku. Kilitegemea nani anasoma, mbele ya nani, kwa shauri gani. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, waliohariri kitabu kikubwa juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu mwaka 1996, wanasisitiza hilo: historia ilijengwa wakati wa kusomwa, na wajuzi wawili waliweza kubishana juu ya kibao kimoja.

Sasa weka silabusi yetu kando ya lukasa. Silabusi imesema kila kitu, kwa hiyo haimwombi mwanafunzi kitu. Lukasa imesema nusu na kungoja. Asiyejua hawezi kuitumia kudanganya kwamba anajua, maana hakuna sentensi ya kunakili. Hiki ni chombo cha kufikiri, na kinamtaka mwenye kukishika afikiri.

Bwami ya Walega inatupa upande mwingine. Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi walikuwa na chama hicho chenye vyeo vilivyopandwa hatua kwa hatua, kwa wanaume hadi kindi, na kwa wanawake hadi kanyamwa. Daniel Biebuyck, aliyekaa nao miaka ya 1950 na kuchapa kitabu chake cha utamaduni wa Walega mwaka 1973, alikuta kwamba mafundisho yalipitia methali zilizoimbwa na kuchezwa, kila moja ikiambatana na kitu: sanamu ndogo ya pembe au mti, ganda la kobe, kipande cha ngozi, hata takataka ya kawaida ya nyumbani. Kitu peke yake hakisemi. Methali peke yake haitoshi. Zikikutana mbele ya wanaojifunza, ndipo maana inapotafutwa. Sanamu moja ya vichwa vingi, Sakimatwematwe, imekuwa maarufu katika makumbusho ya Ulaya. Huko inasimama ndani ya kioo bila methali yake, yaani inasimama kama sisi tunavyosimamisha nadharia ubaoni.

Kinachonigusa zaidi katika Bwami ni deni. Mtu hakupanda cheo kwa mali yake peke yake. Ndugu, wajomba na wakwe walichanga, na vitu vilivyotumika kufundishia vilikuwa amana: mwenye navyo akifa, vinapewa mwingine avitunze. Kwa hiyo aliyefundishwa alijua amefundishwa kwa niaba ya nani. Hapa mtu ataniambia: hata sisi ada zetu zinachangwa na wajomba. Kweli, na mara nyingi kwa kuuza mbuzi. Lakini mjomba wa leo hukiona cheti tu, hakioni tulichojifunza. Hakuna siku ambapo aliyechanga anaketi na kusikia tulichopata kwa fedha yake, isipokuwa siku ya kutetea tasnifu, na siku hiyo tunasema Kifaransa ambacho nusu ya ukoo haukielewi, huku wakingoja soda. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Katika kitivo cha lugha tungeweza walau kuongeza dakika kumi za kueleza kazi yetu kwa mojawapo. Mwanafunzi anayejua kwamba atamweleza shangazi yake kazi ya miaka miwili ataichagua kazi hiyo kwa namna nyingine.

Tusipambe mambo

Wanafunzi wenzangu wakifika hapa hupenda kuanza kuimba sifa za mababu. Nawaomba tupunguze sauti. Mbudye na Bwami zilikuwa na siri, na siri ni namna ya kuwanyima wengine. Mkubwa aliweza kumnyamazisha mdogo kwa umri tu. Si kila mtoto alifika mbele ya lukasa. Chuo kikuu, pamoja na ubovu wake wote, kina wazo moja ambalo vyama hivyo havikuwa nalo: kwamba yeyote aliyefaulu aweza kuingia, awe mtoto wa chifu au wa mchuuzi wa samaki. Sitaki kulibadilisha wazo hilo na kitu chochote.

Na tusidhani kwamba mila ilikuwa kitabu kizima kilichokaa kichwani mwa mzee kikingoja kinasa sauti. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, tunaoufundisha kama maandishi yenye mwanzo na mwisho, uliandikwa na Biebuyck na wasaidizi wake mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Shé-Karisi Candi Rureke, siku baada ya siku, kwa muda wa siku 12. Rureke mwenyewe alisema hakuwahi kuusimulia wote kwa mfululizo namna hiyo. Kwa kawaida zilitambwa sehemu, kwa hadhira iliyocheza, iliyoitikia na kumtuza. Chapa ya mwaka 1969, ambayo Kahombo Mateene alishiriki kuiandaa, ni hazina, nami siwezi kufundisha bila hiyo. Lakini ukizima hadhira na kuubakiza ukurasa, halafu ukawaamuru vijana 60 waeleze "sifa saba za shujaa", umekigeuza kitu kilicho hai kuwa katekisimu nyingine. Fasihi simulizi ndiyo kozi yetu inayofundishwa kwa ukimya kuliko zote, na jambo hilo linapaswa kutukera sisi kwanza, kabla hatujawalaumu watu wa hisabati.

Hapa Katanga tuna mfano wa karibu unaoonyesha njia nyingine. Mwaka 1986 mjini Lubumbashi, Johannes Fabian aliwauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo maana ya msemo usemao kwamba mamlaka huliwa mazima. Hawakumpa ufafanuzi wa mstari mmoja. Walibishana, kila mmoja akaleta habari yake, kisha wakatengeneza igizo zima kwa Kiswahili cha mji huu kama jibu. Fabian alikichapa kisa hicho mwaka 1990, na kitabu chake kinatufundisha kwamba swali la mtafiti lilipogeuzwa kuwa kazi ya kundi, waliojibu walijifunza sawa na aliyeuliza.

Tulichojaribu

Mwaka uliopita katika kundi langu la kazi za vitendo, kwa idhini ya mwalimu wa kozi, tuliacha zoezi la "fafanua methali". Badala yake kila mwanafunzi alitakiwa alete methali moja aliyoisikia ikisemwa, aseme ilisemwa na nani, kwa nani, katika ugomvi au shauri gani, na nini kilifuata. Kundi lilipaswa kuamua kama methali ilifaa pale iliposemwa. Sheria ya kitendawili ilifuatwa: hakuna kikao kinachoisha bila mwenye methali kutoa maelezo yake, na wenzake wakishindwa kuikisia wanampa mji.

Watatu walileta methali walizozitoa kwenye intaneti. Tuliwatambua bila upelelezi: hawakuweza kusema ilisemwa na nani kwa nani. Mmoja wa wasiosema kamwe alileta methali ya Kilega ambayo shangazi yake aliitumia katika mazungumzo ya mahari, na wavulana wawili wakaanza kumfafanulia maana yake. Aliwakatiza. Aliwaambia shangazi alikuwa anakataa, hakuwa anakubali, na kwamba sauti yake iliposhuka mwishoni kila mtu ndani ya nyumba alielewa. Ubishi ulianza kwa Kifaransa, ukahamia Kiswahili, ukarudi Kifaransa tulipohitaji istilahi za pragmatiki. Wiki iliyofuata alirudi na maelezo mengine mawili ya ndugu zake, yasiyokubaliana. Ripoti yake ya maandishi ilikuwa ndefu kuliko nilivyoomba. Kalamu haikufa kwa sababu mdomo ulifunguliwa. Ilipata cha kuandika.

Ugumu nao uliuona mlango. Pointi zinatolewaje? Baraza la mtihani linataka namba juu ya 20, na mabishano hayana namba. Tuliishia kupima mambo mawili tu, usahihi wa muktadha na uwezo wa kujibu swali lisilotarajiwa, na hata hivyo wawili walilalamika kwamba wenye ulimi mwepesi wamependelewa. Lalamiko lao lina haki ndani yake. Aibu ya kusema si kutojali, na darasa la mdomo laweza kumwonea mnyamavu jinsi darasa la karatasi linavyomwonea msemaji.

Shida kubwa zaidi ni idadi. Kitendawili hakitegwi kwa watu 400, na mwaka wetu wa kwanza unafika huko. Mfumo wa LMD unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi ndani ya kredi, saa ambazo kwa sasa zimebaki kwenye karatasi tu. Saa hizo zingeweza kugawa mwaka wa kwanza katika makundi ya watu 20, kila kundi likiongozwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambaye naye kazi hiyo ihesabiwe katika kredi zake. Vyumba vitakosekana, miti ipo. Na kabla ya hayo yote, jambo ambalo halihitaji chumba wala fedha: saa moja baada ya kila mtihani, mwalimu au msaidizi wake asimame asome maswali tena, na safari hii asome na majibu.